Nimeamka, na Wewe?

Wazee wale walikuwa na kanuni moja tu, nayo waliishika kuliko walivyoshika dawa zao. Kila asubuhi, kabla ya saa nne, kila mmoja aandike neno moja kwenye orodha yao ya barua pepe: "Nimeamka." Basi. Habari za mgongo, bei za vitu na wakwe wasio na adabu, kazipeleke kwingine. Orodha ilikuwa ya watu wanaoishi peke yao, wajane, wagane na wastaafu ambao watoto wao wako mbali, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna atakayeanguka ndani mwake akakaa siku tatu, majirani wakidhani kasafiri. Kila mmoja alipangiwa mlango wa mwenzake wa kuushika. Saa nne ikigonga na anayeshika mlango wako hajaiona barua yako, anavaa viatu anakuja kubisha. Usipofungua, mlango unavunjwa. Mzee mmoja aliokolewa hivyo, sukari imempanda na ulimi umekuwa mzito, na mpaka leo anamlalamikia aliyevunja kwamba kitasa kilikuwa kipya.

Aliyeitunza orodha hiyo kwa upande wa mitambo hakuwa mzee. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa kompyuta wa maktaba, na wote walimwita Fundi hata pale walipomtafuta kwa shida ya bomba. Aliichukua kazi hiyo kwa ajili ya shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha, akampiga pale alipostahili na akamtetea hata pale asipostahili. Zamani Fundi alimpigia simu kila asubuhi. Orodha ilipoanza, simu zikapungua, zikawa za Jumapili, kisha Jumapili nazo zikawa na mambo yake. Apige ya nini? Kila siku alipofika kazini aliliona jina la shangazi kwenye kioo cha kompyuta na neno lake pembeni, na saa yake ni ileile haipindi, roho inatulia, anaendelea na shughuli. Alimpenda shangazi yake sana, hilo lisitiliwe shaka. Ila mapenzi nayo yakishapata uhakika huota kitambi.

Mashine ya zamani iliyobeba orodha ilikuwa kwenye kona ya chumba cha mitambo, nyuma ya rafu za magazeti, na ilikuwa imeanza kukoroma. Kabla haijamfia mikononi, Fundi aliihamisha orodha nzima kwenye programu mpya, mwishoni mwa juma, akafunga mlango akiwa ameridhika. Jumatatu hajavua hata mkoba, simu ikalia. Alikuwa Posta, mzee aliyestaafu akiwa mkuu wa ofisi ya posta, ndiye mwenyekiti wa orodha na mpangaji wa milango.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Binti, umetufanya nini?"

"Kwani kuna nini?"

"Wote tumekuwa mtu mmoja. Nafungua barua, zote zinatoka kwa mtu anaitwa Nimeamka. Nimeamka anasema nimeamka. Nimeamka mwingine anasema nimeamka. Haya, sasa nani kaamka, na nani yuko kitandani amekauka?"

Fundi alifungua sanduku lake la barua na kuona kweli. Safu nzima ya barua, na pale panapokaa jina la mtumaji palikuwa na jina moja kuanzia juu mpaka chini. Sababu yake aliijua. Makampuni makubwa ya barua pepe siku hizi yana wivu: barua ikidai imetoka kwa fulani lakini imeletwa na mkono mwingine, wanaitupa. Kwa hiyo programu mpya huandika jina la orodha mahali pa mtumaji, kisha huliweka jina la mtu mwenyewe pembeni. Sehemu hiyo ya pili yeye hakuiwasha. Alimweleza Posta taratibu.

"Yaani karani kafuta jina la mtumaji nyuma ya bahasha, akaandika jina la posta?"

"Ndivyo, babu."

"Karani huyo ningemfukuza kazi kabla ya chai."

"Nisamehe, babu. Narekebisha sasa hivi."

"Na lingine. Majibu nayo yanakwenda kwa wote. Mwalimu Chaki alikuwa anamwandikia mwenzake kwa siri kwamba mimi nimejifanya mwenyekiti wa pumzi za watu. Tumesoma wote. Hilo nitamalizana naye mwenyewe." Posta akashusha sauti. "Ila sikupiga kwa hayo. Angalia barua ya kwanza kabisa ya leo. Ile ya alfajiri."

Fundi akashuka mpaka chini ya safu. Barua ilikuwa fupi kama zote, lakini haikuwa sawa na zote. *Nimeamka. Na wewe?*

Katika orodha nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyeongeza swali hilo. Bwana Saa, mtengeneza saa, mtu mrefu mkavu aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kuandika. Hakuwahi kuandika "Nimeamka" bila kuuliza "Na wewe?", na wenzake walimtania kwamba anauliza kama askari. Walimzika mwaka jana. Fundi mwenyewe alikuwapo makaburini, amemshika shangazi yake mkono.

"Babu, kuna mtu anatania."

"Utani gani huo, binti? Watu wananipigia simu wanatetemeka. Bibi mmoja kaizima kabisa simu yake, kaifungia kabatini. Tafuta imetoka wapi."

Sasa, barua pepe haiji uchi. Juu yake ina mistari mingi ambayo wasomaji hawaonyeshwi, wenyewe mafundi wanaiita kichwa cha barua, na mle ndani kila mtambo uliopokea barua hiyo njiani hugonga muhuri wake: nimeipokea kutoka kwa fulani, siku fulani, saa fulani. Muhuri mpya hugongwa juu ya uliotangulia. Ndiyo maana anayetaka kujua barua imezaliwa wapi huanza kusoma chini, akapanda. Posta alipoelezwa jambo hili kwa mara ya kwanza, miaka ya nyuma, alifurahi kama aliyekutanishwa na ndugu aliyepotea.

Kabla ya kitu kingine Fundi aliitafuta barua ya shangazi, maana majina hayakuonekana. Akafungua vichwa kimoja baada ya kingine mpaka akaikuta anuani yake, na saa ni ileile ya kila siku. Ameamka. Roho ikatulia. Hata simu aliyokuwa ameshaishika akairudisha mezani.

Kisha akarudi kwa marehemu. Tumaini lake lilikuwa kwamba hii ni barua ya zamani iliyonasa kwenye mashine ya zamani, na kuhamahama kumeikung'uta ikatoka. Mambo hayo hutokea. Lakini tarehe ilikuwa ya leo. Muhuri wa juu, wa leo. Wa kati, wa leo. Muhuri wa chini kabisa ulikuwa na namba ya laini ya intaneti ya nyumba ilikotoka. Fundi akafungua ghala la barua za zamani, akatoa moja ya Bwana Saa ya enzi za uhai wake, akaziweka pamoja. Namba ilikuwa ileile. Barua ilikuwa imetoka nyumbani kwa marehemu, nyumba iliyofungwa, kabla jua halijatoka.

Hapo alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Chumba cha mitambo hakina dirisha, na mashine ya zamani ambayo alikuwa ameizima mwenyewe Jumamosi ilikuwa imekaa kwenye kona kimya. Alijikuta anaitazama mara kwa mara.

Akaamua kuzilinganisha barua zote za asubuhi ile, ajue kama ugonjwa ni wa moja au wa zote. Nyingi zilikuwa safi, kila moja na laini yake. Lakini tatu nyingine zilikuwa na muhuri wa chini uleule wa nyumba ya Bwana Saa. Moja ya Mwalimu Chaki. Moja ya dereva wa basi mstaafu. Na ya tatu ilikuwa ya shangazi.

Sikiliza alivyofikiri, maana ndipo alipokosea. Alifikiri: kumbe ni programu. Inachanganya vichwa. Imechukua muhuri wa barua moja ikaubandika kwenye barua nyingine, na kama inachanganya mihuri basi hata huyo marehemu ni mchanganyiko tu wa mabaki ya zamani. Alishusha pumzi. Afadhali kosa la programu, kitu anachokifahamu, analishika na kulinyoosha, kuliko mtu aliyezikwa anayeuliza habari za asubuhi. Akakunja mikono ya blauzi, akaingia kazini.

Alifanya kazi mpaka jua lilipokuwa utosini. Majina ya watumaji aliyawasha, yakarudi. Majibu yakarudi kwa mtu mmoja mmoja, na Mwalimu Chaki akapata pa kupumulia. Lakini ile mihuri minne ilikataa kunyooka. Alituma barua za majaribio, zikafika na mihuri yake sahihi. Akazipitisha upya zile za asubuhi, zikatoka vilevile. Popote aliposhika, programu ilikuwa haina kosa. Mwishowe alimpigia Posta.

"Babu, ile nyumba ya Bwana Saa, nani ana ufunguo?"

"Bi Mkasi, jirani yake. Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kuzima kompyuta yake, kama bado inawaka. Nataka niitoe kwenye hesabu, nijue moja."

"Usiende peke yako," alisema Posta, na hakueleza kwa nini.

Bi Mkasi alikuwa mshonaji mstaafu, na mkasi wake bado ulining'inia shingoni kwa utepe, ingawa hakukuwa na nguo za kushona tena. Alimfungulia Fundi akinung'unika. Mtoto wa marehemu, alisema, yuko ng'ambo, hataki chochote kiguswe mpaka aje mwenyewe, na kuja haji. Umeme unalipwa, intaneti inalipwa, na yeye Bi Mkasi anafagia ukumbini tu. Chumba cha kazi haingii.

"Kwa nini huingii, bibi?"

"Kuna kitu kinapumua."

Mlango ulikuwa umevimba, wakausukuma kwa bega. Ndani palinuka mafuta ya mashine na vumbi. Saa zilijaa ukutani, za mbao na za shaba, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzitia ufunguo, kila moja ilikuwa imesimama kwa wakati wake. Na kweli kitu kilikuwa kinapumua. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe, feni ya kompyuta ilikuwa ikizunguka polepole, na taa ndogo ya kijani ikiwaka na kuzimika.

Fundi alifunua kitambaa. Vumbi lilikuwa limelala juu ya vitufe vya kuandikia, nene, bila alama ya kidole hata kimoja. Alilitazama vumbi lile kwa muda mrefu. Halafu akawasha kioo.

Programu ndogo ilikuwa wazi, ya kujitengenezea, safi na fupi, kazi ya mtu aliyezoea vitu vidogo. Ilikuwa ni saa. Kila alfajiri ilihesabu, na wakati ukifika iliandika neno moja na kulituma kwa jina la mtu. Watu walikuwa watatu: Mwalimu Chaki, dereva wa basi, shangazi.

Bi Mkasi alichungulia juu ya bega lake, akapiga makofi.

"Makubwa! Kumbe bado inawaandikia!"

"Bibi, unajua hiki kitu?"

"Si walikuja kumbembeleza, wavivu wale. Wanasema kuamka mapema kuandika ni adhabu. Yule shangazi yako hasa, alipitiwa na usingizi siku moja, Posta akapeleka watu wakauvunja mlango, wakamkuta anakoroma na kilemba cha kulalia. Aibu ilimuua. Akasema hatavunjiwa mlango tena kwa kosa la kulala. Bwana Saa akawatengenezea hicho. Tulijua tulio karibu, tukacheka, yakaisha."

Fundi hakucheka. Akakalia ukingo wa meza. Programu mpya haikuchanganya kitu. Mihuri ilikuwa imesema kweli tangu asubuhi, na barua zenyewe ndizo zilizokuwa zikidanganya, tangu lini hajui, mwaka, miaka. Kila "Nimeamka" ya shangazi aliyoisoma akatulia ilikuwa imeandikwa na mashine kwenye chumba cha mtu aliyekufa. Aliwahi hata kuwasifia watu: shangazi yangu ni mtu wa saa, hapitishi dakika.

"Na yeye Bwana Saa?" aliuliza. "Jina lake silioni hapa."

"Yeye? Aah, yeye alikuwa akiandika kwa mkono wake. Alikuwa akiwasema: nitawaandikia, lakini kuamka hakuna wakala."

Fundi akafungua sehemu ya barua zilizotumwa kwa jina la Bwana Saa. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ya siku aliyofariki. Baada ya hapo hakuna. Ya leo haikuwapo. Akatazama tena vumbi kwenye vitufe.

Alitoa simu akampigia shangazi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Akampigia Posta.

"Babu, mlango wa shangazi anaushika nani?"

"Mlango wa shangazi yako..." Makaratasi yalisikika yakifunuliwa, kisha yakaacha kusikika. "Binti. Ni Bwana Saa. Walikuwa mitaa miwili jirani. Sikuupanga upya. Ee Mola wangu, nilisahau kuupanga upya, barua ya shangazi yako haikukosa hata siku moja tangu tumzike yule, haikunijia hata akilini."

Fundi hakuagana naye. Alikimbia. Kutoka kwa Bwana Saa mpaka kwa shangazi ni kukata uchochoro wa mafundi viatu na kuvuka barabara moja, na alivuka bila kuangalia kushoto wala kulia, mwendesha pikipiki akamtukania ukoo mzima. Ufunguo wa nyumba ya shangazi ulikuwa kwenye kishada chake cha funguo miaka yote, na sasa aibu ilimjaa, maana ilibidi auchague kwa kubahatisha. Wa kwanza haukuingia. Wa pili ukaingia, ukagoma, kisha ukazunguka.

"Shangazi! Shangazi!"

Kutoka jikoni ilimjia sauti. Haikuwa ya shangazi. Ilikuwa sauti ya simu, ya yule mwanamke wa mashine anayewasomea wenye macho mabovu, anayesoma Kiswahili kama anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Ilikuwa inazirudia barua za asubuhi ambazo hazijafunguliwa. "Kutoka kwa Nimeamka. Nimeamka. Kutoka kwa Nimeamka. Nimeamka."

Shangazi alikuwa sakafuni, kati ya jiko na meza, mguu mmoja umepinda vibaya. Uso ulikuwa wa majivu na midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi. Fundi alipiga magoti, akamshika shavu, shavu lilikuwa baridi, akaanza kulia palepale kama mtoto, bila kujizuia.

"Usilie," alisema shangazi kwa sauti nyembamba. "Nipe maji."

Alimpa kwa kijiko, kidogo kidogo, huku simu nyingine ikiwa sikioni akiita gari la wagonjwa. Gari likaahidi kuja. Shangazi akafumba macho, akayafumbua.

"Tangu jana jioni," alisema. "Niliteleza. Simu iko mezani, siifikii. Usiku wote nilijipa moyo, nikasema asubuhi nisipoandika, watakuja. Ndipo kulipopambazuka nikakumbuka." Akameza. "Nikaisikia simu inasoma. Huyu kaamka, huyu kaamka. Halafu nikajisikia mimi. Sijui ni ipi kati ya zile, zote zilikuwa na jina moja, lakini saa yangu naijua, hapo ukutani naiona. Nimelala hapa chini siwezi hata kujigeuza, mwanangu, na tayari nimekwishawaambia wote kwamba nimeamka. Nikasema basi. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe."

"Nisamehe, shangazi. Ningepiga simu. Ningepiga simu tu."

"Ungepiga, ndiyo," alisema shangazi. Hakumlaumu, wala hakumpunguzia. "Lakini sikiliza. Nilichanganyikiwa au sikuchanganyikiwa, sijui. Kabla ya zote hizo, kukiwa bado giza, simu ilisoma moja. Ikaniuliza, na wewe? Sikushtuka. Nilikuwa na baridi, nimesahau kabisa kwamba tulimzika. Nikamjibu kwa sauti. Nikamwambia, mimi bado, Bwana Saa. Mimi niko chini. Mwambie mtoto aje."

Fundi alikaa sakafuni amempakata kichwa mpaka gari lilipofika, na yule mwanamke wa kwenye simu aliendelea kusoma mpaka Fundi alipokumbuka kumzima.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema wangechelewa mpaka kesho yake, angekuwa anawaambia maneno mengine. Jioni ile Posta alikwenda kubisha kwa Mwalimu Chaki na kwa dereva wa basi, akiwa na hasira ya mtu mwenye hatia, akawakuta wazima, mmoja anaoga na mwingine anacheza bao peke yake. Aliwasema mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akaenda na Bi Mkasi nyumbani kwa marehemu, Fundi akamwelekeza kwa simu pa kubonyeza, ile programu ikafutwa na kompyuta ikazimwa. Feni ikasimama. Bi Mkasi alisema chumba kilikuwa kizito zaidi baada ya hapo, lakini Bi Mkasi husema mengi.

Ile barua ya alfajiri Fundi ameichunguza mara nyingi. Iko ghalani mpaka leo, kichwa chake kizima, mihuri yake yote ya siku ile, na hakuna fundi mwenzake aliyeonyeshwa akaweza kusema iliandikwa na nini. Haikuja nyingine. Posta alimuuliza kwa upole kama si vizuri sasa kuliondoa jina la Bwana Saa orodhani, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyotaka.

"Mwache, babu," alisema Fundi. "Huyo ndiye peke yake aliyeshika mlango."

Posta hakubisha. Aliandika upya mpango wa milango kwa mkono wake, na kwenye mlango wa shangazi akaandika Fundi, ingawa Fundi si mzee wala haishi peke yake.

Lakini asubuhi ile ya kwanza wodini, jua likiingia kwa vipande kupitia mapazia ya kijani, shangazi aliamka na kuomba simu yake. Fundi alikuwa amelalia kiti, shingo imekakamaa. Akaichukua simu akaanza kuiandika yeye, amsaidie.

"Lete hapa," alisema shangazi. "Kuamka hakuna wakala."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, akifuta na kuandika upya. Ilichukua muda mrefu. Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. Aliifungua, na jina la shangazi lilikuwa mahali pake. *Nimeamka. Na wewe?*

Fundi hakugusa kichwa cha barua ile. Alikuwa akitaka kuirudisha simu mfukoni, kama alivyozoea, roho imetulia. Shangazi akaligonga blanketi kwa kiganja.

"We mtoto. Nimekuuliza wewe."

"Nimeamka, shangazi," alisema Fundi.